Wasomaji wa Chanjani

Kisiwani, Muleba
26 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na mguu umepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka dagaa hata nikiiosha kwa limau.

Kifurushi chako nilikipata Jumamosi kwa mkono wa Masalu, yule mvuvi mtu mzima aliyetokea upande wa Mwanza. Kila wiki anavuka kwenda bara, na ndiye ninayemwamini. Kwa mambo ya maana tuendelee kuandikiana hivi hivi. Mtandao wa simu unapatikana kilimani tu, na pale kila mtu anasikiliza ya mwenzake.

Ile riwaya uliyonitumia, Treni ya Saa Tisa, nimeimaliza, na sikuimaliza peke yangu. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa na boti hazitoki, kwa hiyo wanawake tunashinda kwenye chanja zetu za kuanikia dagaa, tukishona nyavu zilizochanika. Mimi nilikuwa nasoma kimya. Jirani yangu Dativa akasema kama nimekuja pale kucheka na karatasi, basi nisome kwa sauti wote tucheke. Sasa tunakusanyika wanawake tisa. Consolata, ambaye ndiye mkubwa wetu, alimjua muuaji mapema sana akakataa kututajia mpaka mwisho.

Wanakushukuru. Wanasema huyu Zefania Mkongwa anajua kumkimbiza msomaji, lakini wanawake wake hawana kazi. Wanavaa vizuri na kulia. Wanauliza kama huna mwandishi ambaye wanawake wake wanaamka asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Binti yako,
Eufrazia


Nyanga, Bukoba
9 Machi 2024

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Mguu unaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Upepo wa juzi umeangusha migomba nyuma ya nyumba, kahawa imepona. Jirani yangu Theopista anakusalimu.

Maneno ya wenzako niliyapeleka kwenye kikundi chetu cha kusoma Jumapili baada ya misa. Theopista alinuna, maana Mkongwa ni mwandishi wake. Alisema riwaya ni ya kumpumzisha mtu na kazi, sasa wewe unataka kazi ikufuate mpaka kitabuni. Tulibishana hadi kahawa ikapoa. Mimi nimesimama na wanawake wa chanjani.

Nakutumia Kikapu Kisichojaa cha Leokadia Mbunda. Mtu akinilazimisha nibaki na mwandishi mmoja tu, nitabaki na huyu. Hana haraka. Anakueleza jinsi mwanamke anavyofunga kanga yake kabla ya kutoka, na wewe unajua tayari kwamba siku hiyo itakuwa mbaya. Ni habari za wachuma chai na karani wa mizani. Kisome kwanza wewe mwenyewe, ndipo uamue kama utawasomea.

Tena jambo moja. Umejaza kurasa kwa habari za Mkongwa na Consolata, lakini biashara yako hukuigusa. Nimekulea tangu kaka yangu alipofariki. Unapofunika jambo mimi naona kifuniko.

Shangazi yako,
Agnetha


Kisiwani, Muleba
28 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Pasaka njema kwako na kwa Ma Theopista. Najua kwaya yenu inawachosha wiki hii. Sisi padre hatafika, tutasali wenyewe.

Sikukisoma kwanza peke yangu. Walipoona nimetoa kitabu kwenye kifurushi hawakunipa nafasi.

Jana tulifika pale karani anapomwambia Rehema, yule mchuma chai, kwamba kikapu chake kitaongezeka uzito akipita nyumbani kwake jioni. Nikageuza ukurasa. Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anashona. Dativa akasema, "Huyu karani namjua. Anaitwa Mujuni."

Sasa nitakueleza nilichokuwa nafunika. Mujuni ni tajiri, ndivyo tunavyowaita wenye boti. Dagaa wengi wanaofika ufukweni, hapa mwaloni kwetu, wanashushwa na boti zake. Mwanamke anayetaka kununua lazima awe na kibali chake, na kibali kinatolewa nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Pesa ya dagaa unalipa vilevile. Dativa ameingia mle si mara moja. Ana watoto watatu na mume aliyemkimbia. Jana alitusimulia huku akitazama ziwa. Alipomaliza, mwingine akaanza, na mwingine tena. Tumeishi pamoja muda wote huu, tunaazimana chumvi, na kila mmoja alidhani ni peke yake, au alidhani wenzake wanapenda.

Mimi sijaingia. Ananiambia nipite tangu mwaka jana, nami napita njia nyingine. Ndiyo maana nanunua makombo ya boti ndogo, na siku nyingine narudi na beseni tupu.

Tumekubaliana. Boti zikianza kutoka tena tutakwenda ufukweni asubuhi wote tisa, tununue mbele za watu, kwa pamoja. Akikataa, hanunui mtu. Consolata alisema mambo ya kitabuni yabaki kitabuni. Hata hivyo aliinua mkono pamoja na sisi.

Binti yako,
Eufrazia


Nyanga, Bukoba
6 Aprili 2024

Eufrazia,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nikaisoma tena kabla ya kuvua viatu.

Rudi nyumbani. Leokadia Mbunda hajakutana na Mujuni. Yeye amekaa mezani kwake, akichoka anaweka kalamu chini na kunywa chai. Wewe ukichoka umezungukwa na maji pande zote, na mwenye boti ni Mujuni. Nilikupa kitabu ili jioni zako ziwe nyepesi. Sikukupa ili ukapigane.

Chumba chako kipo. Kibanja cha baba yako kule Izigo kipo, kinakosa mtu wa kukipalilia. Acha kuwasomea, mpe Masalu kitabu anirudishie, nawe mwenyewe upande boti hiyo hiyo. Sijamwambia mtu, hata Theopista.

Nakuomba, waitu, mwanangu. Hii si amri.

Shangazi yako,
Agnetha


Kisiwani, Muleba
4 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Sirudi. Na kitabu hakirudi, kwa sababu hakipo tena.

Tulikwenda ufukweni kama tulivyopatana. Mujuni alicheka, akasema dagaa wake hauzii kwaya. Tukarudi na mabeseni matupu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne Consolata hakutokea. Tulimwona mchana anaanika dagaa wengi peke yake, na hakutusalimu.

Mchana huo huo Mujuni, akiwa ameshaambiwa habari za kitabu, akaja chanjani na vijana wake wawili. Hakutukana wala hakupandisha sauti. Aliniomba kitabu kwa adabu, akakifungua huku na huku, akauliza, "Jina langu limeandikwa ukurasa gani?"

Nikamjibu halimo. Nikamwambia labda amejitambua mwenyewe.

Akakipasua katikati, kwenye mgongo, akatupa vipande majini. Kisha wale vijana wakakata miguu ya chanja zetu kwa panga, moja baada ya nyingine, sisi tukiangalia. Miti ile tuliinunua bara, hapa hakuna mti wa kukata. Jioni kiongozi wa mwalo akatuita, akasema tunafanya mikutano bila kibali. Dativa akamuuliza tangu lini hadithi imekuwa mkutano. Akatufukuza.

Usidhani tumekaa kulia. Dagaa wasipoanikwa juani kabla ya mchana wanaharibika, na wanaoanika ni sisi. Consolata hawezi kuanika shehena ya boti zote. Ufukwe mzima unanuka. Wavuvi wa Mujuni wanalipwa mgao wa kile kinachouzwa, na Masalu ni mmoja wao. Ananiambia wameanza kumnung'unikia tajiri wao waziwazi.

Tulikuwa tumebakiza sura nne. Wanawake wanauliza Rehema aliishia wapi. Niandikie mwisho wake, Shangazi, na usiutie sukari.

Binti yako,
Eufrazia


Nyanga, Bukoba
15 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hauniumi tena, au nimeusahau.

Umeniomba nisitie sukari. Rehema anafukuzwa. Wenzake wanashikilia msimamo kwa muda, kisha njaa inawarudisha mmoja mmoja kwenye mizani. Karani anabaki kwenye kiti chake. Ukurasa wa mwisho Rehema yuko juu ya lori la majani ya chai, anakwenda mji ambao Mbunda hautaji jina.

Kwa miaka mingi nimeusifu mwisho huo mbele ya wenzangu. Nilisema mwandishi huyu ni jasiri, hamdanganyi msomaji. Safari hii nilishindwa kunyamaza, nikamsimulia Theopista mambo yako yote. Aliniangalia akasema, "Ni rahisi kuupenda mwisho wa namna hiyo kama ndani yake huna mtoto." Nilirudi nyumbani nikaanza kupalilia mahali nilipokwisha kupalilia.

Waambie wenzako kwamba huo ni mwisho wa Mbunda, alioutunga kwa ajili ya watu wake. Sitakuomba tena urudi, maana naona hutarudi. Naomba barua. Hata mstari mmoja, mradi uwe wa mkono wako.

Shangazi yako,
Agnetha


Nyanga, Bukoba
8 Juni 2024

Eufrazia mwanangu,

Sijui kama wewe ni mzima, kwa hiyo salamu zangu hazina mahali pa kukaa.

Hakuna barua. Simu yako haipatikani. Masalu hajaonekana bara, na yule kondakta wa basi la Muleba anayetubebea barua ananikwepa kwa kuwa namuuliza swali lile lile. Jana nilikwenda sokoni kwa mchuuzi mmoja anayetoa dagaa huko visiwani. Alisema amesikia kuna mwanamke amepigwa akavunjika. Nilimuuliza jina. Hakulijua. Nilimuuliza kisiwa gani, akataja chenu.

Jumatatu naondoka na Theopista. Tutaanzia polisi Muleba, kwenye dawati la jinsia, na barua zako zote nimezifunga kwenye mkoba. Kisha nitavuka. Unajua jinsi ninavyoliogopa ziwa. Sijawahi kukanyaga hata mtumbwi uliofungwa ufukweni. Theopista amesema atanishika mkono, nami nitafumba macho mpaka watakaponiambia tumefika.

Barua hii nampa dereva wa basi aitangulize. Ikikufikia kabla yangu, jua kwamba niko njiani.

Shangazi yako,
Agnetha


Kisiwani, Muleba
21 Julai 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na kile kichefuchefu cha boti kimekwisha. Plasta ya mkono uliovunjika nimefunguliwa wiki iliyopita. Mkono bado mzito, ndiyo maana herufi zinakwenda upande.

Siku ile uliponikuta nimelala, ulinilaumu kwamba sikumtafuta mtu wa kukuandikia. Nilijaribu. Dativa alikaa na kalamu, lakini kila sentensi niliyomtajia ilikuwa inatisha kuliko kukaa kimya, tukaacha. Masalu naye wakati ule alizuiwa kuvuka, kwa kuwa walijua ndiye anayebeba barua.

Baada ya ninyi kuondoka na wale askari, Mujuni na vijana wake wawili walionipiga walikaa mahabusu, kisha wakatoka kwa dhamana. Siku aliporudi tulijifungia ndani. Lakini alikuta wavuvi wa boti zake mbili wamehamia kwa tajiri mwingine, Masalu akiwa wa kwanza, na waliobaki wanataka dagaa wauzwe ufukweni mbele ya watu, la sivyo nao wanaondoka. Alitafuta wa kumuunga mkono. Hata kiongozi wa mwalo alikuwa anatazama pembeni. Sasa asubuhi tunapanga foleni na mabeseni yetu, mizani iko mchangani, na anayepima ni mwanamke. Mujuni anakaa kwenye boti yake, haongei nasi. Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Naogopa, sitakuficha, lakini nitakwenda kusema.

Dativa ameondoka. Alisema hawezi tena kuamka kila asubuhi akiiona ile nyumba. Alichukua watoto akaenda kwao. Nilimsindikiza hadi botini, tukashikana mikono. Kazi ya chanja mpya tunaifanya bila yeye, na kicheko chake hakipo.

Juzi nilianza kuwasomea ile riwaya mliyotuachia, ya huyo Bernadina Luhende ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Mwambie Ma Theopista amechagua vizuri. Tulikuwa tumefika mbali, mjane amekwisha kuuza ng'ombe wake, nikaona wenzangu wanatazama nyuma yangu. Consolata alikuwa amesimama kando ya chanja ya mwisho, ameshika beseni. Tangu nilipopigwa hakuna anayezungumza naye, na ananunua akiwa wa mwisho kwenye foleni. Wote wakanigeukia mimi.

Sijamsamehe, Shangazi. Nilihisi mkono unauma upya kwa kumwona tu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mmefika wapi?"

Nikamwambia tumefika mbali. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza upya, na hakuna aliyelalamika.

Binti yako,
Eufrazia