Pikipiki ya Murhula na Mlima wa Ngomo

Jumanne, 4 Juni

Imechemka tena. Mahali palepale, katikati ya mlima wa Ngomo. Sindano ya joto ikaingia kwenye nyekundu, mvuke ukatoka, nikazima. Nikakaa juu ya jiwe na vikapu vyangu vya nyanya kutoka Sange, nikila vumbi. Wenye malori wakapita wakipiga honi na kucheka. Wacheke. Hakuna hata mmoja aliyesimama na kidumu cha maji.

Mjini haichemki. Nyawera mpaka Kadutu, sawa kabisa. Ni mlima mrefu tu inaoukataa. Nusu ya nyanya zimelainika. Nimemwachia mama mmoja wa mgahawa, ambaye pua yake hunusa shida ya mtu haraka kuliko inavyonusa mchuzi wake ukiungua.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi, pale mtaani Essence. Jina lake Bahati, na sijaona kingine alicho nacho. Aliizunguka pikipiki mikono mgongoni kama askofu. Kisha akatangaza: termosta. Ni kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji. Amekitoa, amekitupa, akasema injini za hapa kwetu hazikihitaji. Hapa kwetu! Utadhani injini inajua imevuka mpaka gani.

Akafungua radiateri pia, ile inayopoza maji ya injini, akaiosha kwa siki, akairudisha. Na picha ya Murhula akaifunga tena mbele yake kwa mikono miwili, akampangusa uso kwa kitambaa safi. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya vizuri.

Picha hiyo waliifunga madereva wenzake mwezi wa tatu, siku ya kumsindikiza mume wangu makaburini. Plastiki ngumu, pana kama sinia, chini ya taa ya mbele. Mama mkwe alisema ikae hapo mpaka siku ya kuondoa matanga. Basi imekaa. Miezi yote hiyo nimezunguka mjini tu. Sange nimerudi juzijuzi, mvua ilipokwisha.

Jumamosi, 8 Juni

Imechemka. Jiwe lilelile. Sasa nalijua vizuri kuliko kiti cha nyumbani.

Jioni akaja shemeji Déo, mdogo wake Murhula. Debe tupu haliachi kuvuma. Akanywa chai yangu, akala mkate wangu, akanieleza kwamba marehemu anakataa. Mashine ya mwanaume, anasema, haikubali kupandwa na mjane. Ndiyo maana inakasirika. Jumapili ya tarehe 16 familia itakaa, na yeye ataichukua “aitunze.” Mtu huyu hajawahi kutunza hata kuku.

Wakiniondolea pikipiki, Sange imekwisha. Sange ikiisha, mwanangu Furaha harudi shule mwezi wa tisa. Sina kazi nyingine. Ninaogopa, na sipendi Déo aone kwamba ninaogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Bahati tena. Amejaribu feni: inazunguka. Amefungua pampu ya maji: nzima. Ameweka kifuniko kipya cha radiateri. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, naye leo amesingizia mafuta ninayotia njiani Kamanyola, uzito wa nyanya, halafu mguu wangu kwenye gia. Nilimwuliza kama bado hajamtuhumu Papa wa Roma. Hakucheka.

Na wewe Murhula. Miaka yote hiyo unaendesha, mimi nyuma nimeshika vikapu. Hukunionyesha hata maji yanaingilia wapi. Kisha ukafa. Nimekukasirikia leo mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Niandike haraka kabla sijajitilia shaka.

Baada ya Kamanyola kuna shimo. Nililipiga. Kamba moja ya picha ikakatika, picha ikageuka, ikaning'inia pembeni ikipiga kelele kwenye bomba. Nilikuwa na hasira, sikusimama. Nikapanda Ngomo hivyo hivyo.

Sindano ikakaa katikati. Nikalipita jiwe. Nikasimama mbele kidogo, kwa mshangao tu.

Nikafunga picha vizuri, kwa heshima. Nikaondoka. Kona ya pili haijafika, sindano iko juu. Nikasimama, nikangoja ipoe, nikaigeuza picha pembeni. Ikatulia. Nikarudia tena ili nisiwe mjinga kama Bahati.

Ni yeye, Murhula. Ameziba upepo. Radiateri haipumui, na feni nyuma yake haina cha kuvuta. Mjini hainipi shida kwa sababu vilima ni vifupi. Ngomo haina huruma.

Nilipokaribia mjini nikaifunga tena mbele. Mama mkwe anaishi njiani. Nimejidharau kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwuliza Bahati. Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua. Picha ya marehemu, anasema, haiguswi na mtu wa nje. Neno kama hilo ni la familia. Kwa hiyo akang'oa kidude kizima ili asiseme sentensi moja. Aliona haya kusema, hakuona haya kula pesa yangu.

Familia. Ni mimi hiyo familia.

Jumapili, 16 Juni

Wamekaa baada ya misa. Déo amevaa tai, mkononi kofia ngumu ya kuendeshea, mpya, bado na karatasi ya dukani. Akahutubia. Marehemu, mila, mashine, mjane. Wazee wakiitikia kwa vichwa kama mbuzi sokoni.

Nikasimama, nikasema yote. Upepo, radiateri, picha. Déo akasema ninamfukuza kaka yake kwenye kitu chake mwenyewe. Mtu mmoja akasema “eeh.” Nikaona nimeshindwa.

Mama mkwe akainuka. Akatoka nje, sisi nyuma yake. Akapitisha mkono kati ya picha na radiateri. Haukupenya. Akamtazama mwanawe kwenye picha.

“Mama Furaha,” akasema, “tumutoe pale. Ata yeye mwenyewe hakupendaka joto.”

Akafungua kamba mwenyewe, fundo moja moja, kwa vidole vyake vya baridi yabisi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akanipa picha mimi, si Déo.

Déo alikuja na kofia ya pikipiki. Alirudi nayo kwa miguu.

Jumanne, 18 Juni

Sange. Nyanya nzuri, ngumu. Ngomo bila kusimama. Sindano katikati njia yote. Jiwe lilikuwa tupu.

Murhula nimemfunga nyuma, juu ya vikapu. Mahali pangu pa zamani. Kule juu barabara inaponyooka nilimwambia ashike vizuri, kama alivyozoea kuniambia. Nililia kidogo ndani ya kofia.

Nyanya zote zimefika nzima. Furaha amekula mbili akiwa amesimama.