Nimekuja Kuomba Unifukuze

Berea, Johannesburg
14 Agosti 2016

Dada Leonida,

Shikamoo. Nyingine mpelekee mama, ya kupiga magoti kabisa, ingawa sakafu ya huku mwezi huu inauma kwa baridi. Sisi wazima, mimi, mke wangu Lerato na Thandeka wetu, ambaye ana miaka minne sasa na anaelewa Kiswahili chote ila anakujibu Kiingereza kama karani wa benki. Miguu yako inaendeleaje? Na masikio? Kwa kuwa kwenye simu hunisikii, nitaendelea kumtumia Bakiri barua hizi kwenye kompyuta ya duka lake akuchapie. Bakiri, kazi yako ni kuchapa, si kusoma.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha kazi. Kaa vizuri nikueleze. Mzee Ferreira anafunga karakana mwisho wa mwezi huu. Nyonga zake zimechoka, na watu siku hizi wananunua makochi ya madukani yanayovunjika kabla ya mgeni wa pili kukaa. Tarehe moja alitupanga mafundi wote kumi na wanne, akampa kila mmoja barua ya kuachishwa. Wenzangu walipokea kama watoto wanaopewa ripoti ya shule. Mimi, Obadia, fundi makochi ambaye Jeppestown nzima inamjua, mtu aliyevuka mipaka mitatu na kula vyakula vya mataifa saba, nifukuzwe? Nilikaa juu ya robota la sponji, nikaandika barua yangu mwenyewe kwa Kiingereza kizito, kwamba naacha kazi kwa hiari yangu. Nikamwekea mezani. Kwa hiyo elewa vizuri: wale wameachishwa. Mimi nimeacha.

Njaa usiiogope. Nchi hii wameipanga. Miaka mitano nimekatwa asilimia moja ya mshahara kwenda mfuko wa wasio na kazi, na mzee anaongeza moja yake. Sasa ni zamu ya mfuko kunilipa mimi. Mtu unakaa, pesa inakuja. Mwambie mama Desemba tunakuja wote watatu, amshike mjukuu wake kwa mikono yake.

Mdogo wako,
Obadia

*

Morogoro
2 Septemba 2016

Mdogo wangu Obadia,

Marahaba. Mama kaipokea yake, kasema magoti yako yameanza lini kuwa na adabu. Sisi tupo. Miguu yangu inalalamika asubuhi, ikifika saa nne inanyamaza.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisomewa na mama mwenye genge, maana Bakiri alikuwa ameshamsimulia. Mtaa mzima unajua unalipwa kwa kukaa. Vijana wa bodaboda wanauliza nauli ya Johannesburg ni kiasi gani.

Mama ana miaka themanini na moja, na habari ya Desemba ameichukua kama tarehe ya sherehe. Ametoa kitenge sandukuni, ameniambia nimshonee mtoto gauni. Nikamuuliza vipimo tutapata wapi, akasema nishone kubwa, atakua.

Mimi nina swali moja. Huo mfuko unamlipa mtu aliyeacha mwenyewe? Nilikuwa karani miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha nguo, na sijawahi kuona ofisi inayomlipa mtu kwa kiburi. Karatasi umeshapeleka?

Dada yako,
Leonida

*

Berea
20 Novemba 2016

Dada mpendwa,

Shikamoo, na usininunie kwa kuchelewa. Nimekuwa mtu wa kazi nyingi kuliko nilipokuwa na kazi. Lerato anakusalimu, bado anafundisha chekechea, na ndiye anayelipa kodi ya nyumba kwa sasa, kwa muda mfupi tu.

Nimekuwa mshauri. Usicheke. Mbele ya ghorofa letu, jirani na spaza, kile kiduka cha mtaa, nimeweka meza ya plastiki na viti viwili, na watu wetu wote wa Kiswahili wanakuja, Wakongo, Warundi, Watanzania. Yote yalianzia kwenye foleni ya ofisi ya kazi. Nilikaa siku nne humo, nikasikiliza kila anachoulizwa mtu dirishani, na unajua kichwa changu, kikishika hakiachi. Nikitoka, nawaeleza wengine.

Pacifique, mlinzi kutoka Bukavu, aliniuliza kama pesa ya mfuko nayo inakatwa kodi. Nikamwambia haikatwi hata senti. Mwenzake Octave akauliza kama ni lazima ajaze karatasi za kodi ya mapato. Nikamwambia kaka, kama una mwajiri mmoja, na kwa mwaka hupati zaidi ya randi laki tatu na nusu, si lazima. Octave akasema laki tatu na nusu hajawahi kuziona hata kwenye ndoto, basi akaenda zake kwa furaha. Mwingine anauliza muda wa kudai. Nawaambia miezi sita tangu kazi iishe, ukipitisha umejinyima mwenyewe. Silipishi mtu. Wananiletea chai na vitumbua, na Mrundi mmoja ameniletea kuku mzima.

Kuhusu Desemba, mabasi yamejaa, eish, na joto la huko wakati huo litamsumbua Thandeka. Tuseme Pasaka. Mama mwelezeni taratibu.

Mdogo wako mshauri,
Obadia

*

Morogoro
8 Desemba 2016

Obadia,

Marahaba. Leo sitaki habari za kuku wa Mrundi.

Barua hii naichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Bakiri nimemtoa nje ya duka lake, yuko kibarazani ananiangalia kama mtu aliyefungiwa mlango. Imenichukua tangu asubuhi, kwa hiyo nisome kwa heshima.

Umejibu maswali ya Pacifique, ya Octave na ya Bukavu nzima. Langu hukujibu. Mtoto aliyezaliwa Johannesburg unaniambia ataumizwa na joto la Morogoro, wakati babu yake mzaa mama aliishi Mazimbu hapa na wakimbizi wenzake wa Afrika Kusini miaka kumi na moja bila kuyeyuka.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka ule kiwanda kilipopunguza watu, jina langu lilibandikwa ukutani, la tatu kutoka juu. Waliopunguzwa walipewa kiinua mgongo. Mimi sikusubiri. Niliandika barua ya kuacha kazi, mwandiko mzuri, nikapita mbele ya wenzangu na mkoba wangu. Kesho yake mhasibu akaniambia aliyeacha hana kiinua mgongo. Ningeweza kurudi kusema nimekosea, na barua yangu ingechanwa, alikuwa mtu mwema. Sikurudi. Nyumbani nilimwambia mama nimeacha ili nimuuguze, maana alikuwa na pumu wakati ule. Mpaka leo anaomba dua kwa ajili ya mwanawe aliyeacha kazi kwa sababu yake. Ninaitikia amina, Obadia. Miaka yote hii.

Kazi yako iliisha tarehe thelathini na moja Agosti. Miezi sita yako, unayowahubiria wengine, inakwisha mwisho wa Februari. Mimi ni karani, nahesabu. Nenda kwa yule mzee ukasema umekosea. Gauni mama amelitundika ukutani mkabala na kitanda chake.

Dada yako,
Leonida

*

Berea
31 Januari 2017

Dada yangu,

Shikamoo, na hii ni ya kweli. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki tatu. Lerato akafikiri nina mwanamke.

Bakiri, ukitaka soma. Nimechoka kuficha.

Nilikwenda ofisi ya kazi mwezi wa tisa, tena na suti. Karatasi zangu zilikuwa safi. Mzee Ferreira mwenyewe alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba nimepunguzwa kazi kwa sababu karakana imefungwa. Yule mama wa dirishani alikuwa amekwisha kushika muhuri, dada, uko hewani, akaniuliza kwa kawaida tu, baba, na wewe walikupunguza? Na nyuma yangu kwenye foleni walikuwa mafundi wenzangu watano. Nikatoa kifua. Nikamwambia hapana mama, mimi niliacha mwenyewe, nikatoa na nakala ya barua yangu nikamwekea. Akausoma ule ukurasa wote. Akaurudisha muhuri chini. Akasema kwa upole kwamba aliyeacha mwenyewe halipwi, na karatasi zangu zinasema mambo mawili, nilete barua ya mwajiri ieleze lipi ni lipi.

Basi miezi minne nilikuwa nakwenda foleni kuwasindikiza wengine, nikifika karibu na dirisha lile nageuza uso. Niliwafundisha watu wote kwamba ukiachishwa sema umeachishwa. Ndiyo maana nilikuwa nalijua somo vizuri.

Juzi nikaenda Kensington, nyumbani kwa mzee. Nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na kwake; mara tatu inawaka kijani na mimi nimesimama tu. Mkewe akafungua. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi nililomshonea mwenyewe, fimbo mapajani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote, nikabaki na moja tu.

"Mzee, nimekuja kuomba unifukuze."

Akaniuliza kama nimekunywa. Nikamweleza. Akamwita mkewe, akamwambia alete ile barua ya fundi. Kumbe aliitunza kwenye Biblia. Akasema aliisoma mara nne na hakuelewa lolote, alifikiri ni shukrani. Halafu akacheka mpaka akashika nyonga.

"Obadia, mimi nilikuachisha asubuhi. Wewe uliacha saa nane mchana. Kazi gani uliyoiacha?"

Akaniandikia barua hapohapo, na tarehe ya ilani yake, mistari mitatu, Kiingereza cha kueleweka. Akasema ile yangu haniachii, anaipenda.

Jana nilirudi dirishani. Mama yuleyule. Akaniuliza swali lilelile. Nilipojibu, sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. Akasema niseme tena, hajasikia. Nikasema kwa nguvu, nimeachishwa kazi, mama, mimi na wenzangu wote. Foleni nzima ikageuka. Muhuri ukashuka.

Sasa wewe umebaki na lako, dada. Sikulazimishi.

Mdogo wako aliyefukuzwa,
Obadia

*

Morogoro
19 Machi 2017

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii nimeitikia kwa moyo wote. Mama yupo, ana kikohozi kidogo. Anauliza ile Pasaka ni Pasaka ya mwaka gani. Bakiri alilia kwenye sehemu ya muhuri, akachapa nyingine kwa sababu karatasi ya kwanza ililowa. Habari zako mtaani zimebadilika: zamani walisema una bahati, sasa wanasema una akili.

La kwangu bado. Usiniulize.

Dada yako,
Leonida

*

Berea
6 Agosti 2017

Dada Leonida,

Shikamoo wewe, na mama, na kikohozi chake nacho kisikie kwamba tunakuja.

Ngoja nikupe kwa mpangilio. Mfuko ulilipa. Si mshahara mzima, ni chini ya nusu yake, na kila mwezi ilibidi nirudi kusaini kwamba bado sina kazi. Nilisaini kwa mwandiko mzuri. Pesa ile ililipa chumba, kwa hiyo ya Pasaka ikashindikana, nisamehe.

Halafu akaja Jeannine, Mkongo anayesuka saluni ya Kensington. Alikuwa ameachishwa katikati ya mwaka kama mimi. Akaniuliza, akiniita mjomba kwa Kifaransa chao, "Tonton, mi nilitumika miezi sita tu, na kila mwezi banakata kodi. Ile kodi inaendaga wapi?" Nikafungua mdomo kumjibu kwamba si lazima kujaza karatasi, kama nilivyomwambia Octave. Nikaufunga. Sikuwa najua, dada. Nikamwambia hivyo, sijui, nitakwenda kuuliza. Sijui kama nimewahi kulitamka neno hilo tangu Form Two.

Nikapanga foleni ofisi ya kodi kwa ajili ya Jeannine. Binti wa pale akanieleza kwamba kila mwezi wanakukata kama mtu atakayefanya kazi mwaka mzima. Ukifanya nusu mwaka, unaweza kuwa umekatwa zaidi ya unachostahili, na huwezi kurudishiwa mpaka ujaze. Si lazima ujaze, ila usipojaza pesa yako inabaki hukohuko. Akaniuliza, na wewe baba, mwaka jana ulifanya kazi miezi mingapi? Nikahesabu. Machi, mwaka wao wa kodi unapoanza, mpaka Agosti.

Mwezi wa saba dirisha la kujaza lilipofunguliwa tulikwenda wote wawili na vyeti vyetu vya makato. Yangu imerudi randi elfu mbili mia tisa na kitu. Lerato ameongeza akiba yake. Tiketi tatu za basi ninazo mkononi, za tarehe nane Desemba. Sikutumii picha maana Bakiri ataibandika dukani. Octave nimemfuata mpaka Jeppestown kumwambia arudi, jibu langu la kwanza lilikuwa nusu.

Thandeka namfundisha Kiswahili cha kusema sasa. Anasema atasema akifika.

Mdogo wako,
Obadia

*

Morogoro
14 Januari 2018

Mdogo wangu Obadia,

Natumaini mmefika salama na mtoto hajachoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama hajambo, bado anadai gauni lilimkaa sawasawa, na sote tuliona mikono ilivyofika magotini.

Kuna jambo hukuliona, maana ulikuwa nje unawaeleza bodaboda habari za makato. Siku ya mwisho wanawake wa mtaa walijaa sebuleni. Mama mwenye genge akamuuliza Thandeka, haya, baba yako huko anafanya kazi gani? Nikajiandaa kumtetea, nikijua hatajibu. Mtoto akasimama, akashika gauni pande zote mbili, akasema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwako:

"Baba aliachishwa kazi. Sasa anasaidia watu."

Alikisema kama mtu anayetaja cheo. Hakuna aliyecheka. Mama akamvuta, akamkalisha karibu naye. Halafu akanigeukia mimi, binti yake mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akasema polepole, mbele ya wote, "Na wewe, Leonida? Amebaki nani tena?"

Alikuwa anajua. Mke wa mhasibu alimwambia wiki ileile. Miaka yote anaomba dua yake na mimi naitikia, alikuwa ananisubiri.

Nikamwambia. Nikaeleza jina ukutani, barua, mkoba, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama mwandiko wa ile barua ulikuwa mzuri. Nikasema ulikuwa mzuri sana. Akasema hilo alijua.

Bakiri anaichapa hii. Nimemwambia asome kwa sauti apendavyo.

Dada yako, aliyepunguzwa kazini, jina la tatu kutoka juu,
Leonida