Honi Iliyoita Ng'ombe Uwanjani

Alhamisi, Bariadi. Jua limewaka tangu asubuhi kama limekosewa, vumbi la Meatu bado limo masikioni mwangu, na nina furaha ya kijinga kabisa.

Nimerudi jioni hii na sijaoga. Mama ameshanipigia kelele niende bafuni, nami namjibu "nakuja" huku nimeketi palepale. Nikioga hii furaha itatulia, na sitaki itulie kabla sijaiandika.

Kwa usiyenijua: nasoma shahada ya pili ya usimamizi wa usafiri wa anga, chuo kipo Dar. Wenzangu wamechagua mada zinazong'aa. Mmoja anachunguza mafuta ya ndege yanayotokana na mimea, mwingine anachunguza uchovu wa waongoza ndege, na yupo anayetafiti jinsi marubani wanavyofundishwa kwa mitambo ya kuigiza safari. Mimi nilisimama mbele ya darasa nikasema: ng'ombe. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao ili nisilie.

Lakini ni kweli. Bukundi, huko Meatu kwa shangazi yangu, kuna uwanja mdogo wa ndege wa udongo. Hauna uzio wala mnara, una mfuko wa kuonyesha upepo tu, uliopauka kwa jua. Ndege ndogo hutua pale, mara nyingi ikiwa imebeba madaktari wa macho, na malisho yapo pande zote mbili. Ndege ikikaribia, dereva wa bodaboda hupita uwanja mzima akifukuza ng'ombe, na akifika mwisho, wale wa mwanzo wamesharudi. Rubani huzunguka juu akisubiri. Anazunguka, anazunguka. Watoto wa pale wakicheza ndege, mikono wameitandaza, lazima wazunguke kwanza ndipo watue. Wanadhani ndivyo ndege zote duniani zinavyotua.

Msimamizi wa utafiti wangu, Dk. Temba, mama wa kutoka Moshi asiye na maneno mengi, aliniambia atakuja kuona kwa macho yake. Nikishindwa, nichukue mada aliyoniwekea akiba: foleni za abiria kwenye uwanja mkubwa wa Dar. Ni mada nzuri, sikatai. Ila si yangu, na ng'ombe wa Bukundi wangebaki bila mtu wa kuwafikiria.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Honi kubwa juu ya nguzo, katikati ya uwanja. Ndege ikisikika, nabonyeza swichi, ng'ombe wanashtuka, wanakimbia. Fundi wa pikipiki hapa sokoni Bariadi aliniuzia honi yenye sauti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nilijiona mhandisi.

Basi, leo asubuhi, uwanjani Bukundi, Dk. Temba kavaa kofia pana, mimi nimeshika swichi. Ng'ombe walikuwa mbali, kando ya vichaka, wengine ng'ambo ya pili. Hakukuwa na ndege bado, ilikuwa majaribio tu.

Nikabonyeza.

Ng'ombe wakainua vichwa. Wakaanza kukimbia, na mimi nikaanza kutabasamu, mpaka nilipoona wanakuja kwetu.

Walikuja wote. Wa kushoto, wa kulia, hata wengine ambao sikuwa nimewaona kabisa. Wakaizunguka nguzo yangu, wakainusa, kisha wakasimama wakinitazama kama wageni waliokaa mezani wakisubiri chakula. Tulikuwa katikati ya njia ya kurukia ndege, na mimi ndiye niliyewaita.

Nyuma yao akaja shangazi, anatimua vumbi, hasira zimempanda.

"Nani anauza mashudu hapa? Nani anawaita ng'ombe wangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Majani yalipokauka mwaka jana, shangazi alianza kuwalisha ng'ombe mashudu ya pamba, akiyabeba kwenye toyo yake, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Akifika anapiga honi, wanakuja. Majirani wakaiga. Mimi nimekulia hapa mjini. Nilijua shangazi ana toyo, sikujua ng'ombe wa Bukundi nzima wanaisikiliza. Na fundi wangu alikuwa ameniuzia honi ya toyo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dk. Temba hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye miwani yake, taratibu mno, na mimi nikaziona foleni za abiria zikinisubiri kule Dar.

Halafu nikawatazama tena wale ng'ombe. Hakuna aliyechapwa fimbo. Hakuna aliyefukuzwa. Wametoka pande zote mbili wamekuja mahali pamoja kwa hiari yao, jambo ambalo bodaboda hajaliweza hata siku moja. Nikamgeukia shangazi.

"Shangazi, mashudu yapo nyumbani?"

"Yapo. Ya nini?"

"Nisaidie kung'oa hii nguzo!"

Shangazi akaleta toyo yake, tukaipakia nguzo, tukaisimika karibu na zizi lake, mbali na uwanja. Tukajaza vihori vya kulishia. Mchana, ng'ombe wakiwa wamesharudi malishoni, ndege ya madaktari ikasikika kwa mbali, nami nikabonyeza. Wakaja. Walitupita kwa vishindo, wakaingiza pua kwenye vihori, na nyuma yao uwanja ukabaki mtupu, mweupe. Ndege ikatokea juu ya vichaka.

Haikuzunguka.

Ilishuka moja kwa moja, ikatua. Watoto waliokuwa wakitazama walibaki wametandaza mikono, hawajui wafanye nini. Nilipiga kelele, shangazi akapiga vigelegele, na ng'ombe hata mmoja hakuinua kichwa. Tuliambiwa baadaye kwamba rubani alishuka akauliza kama ng'ombe wote wameuzwa.

Dk. Temba alikuja zizini kwa miguu. Akawatazama wakila.

"Kwenye mada yako umeandika kufukuza," akasema. "Futa. Andika kuita. Kisha anza kazi."

Nilimkumbatia na mikono yangu ya mashudu. Sidhani kama alipenda, lakini hakujitoa.

Sasa maswali yananijia bila kupiga hodi. Mvua zikija na majani yakijaa, honi itawavuta? Na ng'ombe wa kijiji ambacho hakijawahi kuona toyo? Shangazi ndiye aliyeniachia gumu zaidi. Wakati naaga alinishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma chetu: "Mayu, asubuhi umewaita bure, mchana wamekula. Siku ukiwaita bure tena, hawatakuja, na mimi nitakuwa upande wao."

Kwa hiyo swali langu la kwanza la utafiti ni hilo. Nikiwadanganya mara moja nyingine tu, ndege itaanza kuzunguka tena?

Mama ameita tena. Safari hii ameongeza kwamba ugali unapoa. Na hivi ninavyoandika, toyo imepita barabarani ikapiga honi, na mimi nimejikuta nimeshasimama naelekea jikoni.