Mashine ya Sirari na nyama ya mama

Jumatano

Na friji lenyewe hatuna! Nilimwambia Baba Bhoke tangu mwanzo, mashine ya kunyonya hewa kwenye pakiti za nyama bila friji ni kazi bure. Akaenda Sirari akachagua yenye taa nyingi, akarudi anatamba: "Muuzaji kasema nyama inakaa mwezi mzima, hata kabatini."

Nyama yenyewe si ya buchani. Ni paja la mbuzi, mama alilibeba kutoka Kemambo ili Bhoke arudishe mwili baada ya malaria. Nilitaka kuikausha juu ya moto kama siku zote. Baba Bhoke akanicheka. "Mama Bhoke, acha mambo ya moshi."

Leo pakiti zote alizofunga kwa mashine yake na kuzipanga kabatini zimevimba kama tumbo la ng'ombe mgonjwa. Nimefungua moja, harufu ikatutoa nje. Mwanangu ananiuliza, "Nyama ya bibi iko wapi?" Nikampa dagaa, nikamkumbatia tu.

Nimemwambia Baba Bhoke airudishe mashine. Eti anaona aibu kwa muuzaji. Aibu!

Jumamosi mama anakuja kumwona mjukuu wake. Baba Bhoke humkwepa hata njiani, ndiyo heshima ya mkwe. Safari hii hakwepi. Atasimama mlangoni, amweleze mwenyewe ile nyama ilikokwenda.