Wageni Wangu wa Uganda

Alhamisi, Malaba. Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kuacha. Foleni ya malori haisongi, na matope yameingia mpaka kwa mlango wa kibanda changu cha kushonea.

Naandika hapa kwa tovuti yangu, kwa ule ukurasa nilioupa jina Shajara ya Fundi, kwa sababu leo nimejua kwa hakika kwamba hakuna mtu anayeusoma. Kwa hivyo naweza kusema yote.

Nimeshindwa.

Wacha nieleze kutoka mwanzo, hata kama najieleza mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, nimesoma mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni kushona gomesi. Hiyo ni ile nguo ndefu ya mama wa heshima, mabega yamesimama, vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi mpana wa kitambaa unaofungwa kiunoni ukaning'inia mbele. Huku kwetu mama hapokei wakwe bila gomesi. Sasa mabinti zetu wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Mombasa, wengine Uarabuni. Siku ya mahari ikikaribia wanapiga simu wakilia kwamba huko waliko hakuna fundi anayejua kusimamisha mabega. Ndipo nikawaza: kwa nini nisiwe na tovuti ya gomesi peke yake, mtu ajipime huko aliko, anitumie vipimo, mimi nishone, nimtumie kwa basi?

Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri. Hilo ndilo linaniumiza.

Nilijifunza kujenga tovuti kwa video za bure, asubuhi kabla wateja wa kibandani hawajafika. Mara moja nilibonyeza mahali sijui wapi na kila kitu kikapotea, nikaanza upya. Picha nilipiga kwa simu. Aliyevaa ni Nabwire, dada yangu wa kanisani, mjane, ambaye alikuwa akishona sare za shule kwa karakana moja hapa mjini. Nabwire akivaa gomesi ya zambarau hata malaika wanageuka kutazama. Nilimweka ukurasa wa kwanza.

Halafu nikaambiwa na zile video kwamba kujenga ni nusu ya kazi, lazima watu wajue uko. Nikatuma kiungo cha tovuti kwa kila kundi la simu ambalo niko ndani. Ushirika wa kina mama wa kanisani walinijibu kwa maua mengi. Kundi la mazishi la kwetu Angurai, yule mweka hazina akaniandikia mbele ya watu wote: "Mama Ekisa, hapa tunachangia jeneza. Nguo peleka sokoni." Akanitoa. Ilibidi niombe msamaha ndiyo nirudishwe.

Nikangoja. Ujumbe mmoja tu ndio umewahi kuingia kupitia tovuti. Alikuwa fundi wa Nakuru akiuliza kama ninaajiri.

Sasa, kuna ukurasa wa ndani ambao mimi peke yangu ndiye ninauona. Unaonyesha ni nani amepita kwa tovuti, na bendera ya nchi yake. Wiki ile ya pili nikaona bendera yenye ndege katikati. Uganda. Kesho yake tena, ndege. Asubuhi ndege, jioni ndege. Kenya hata haikuwa inaonekana sana. Nilipiga magoti hapo hapo chini ya meza ya kukatia.

Baba Ekisa, mume wangu, ni mtu wa maneno machache. Nilipomwonyesha alitazama simu, akanitazama mimi. "Waganda ndio wenye gomesi. Wewe unataka kuuzia wavuvi wa Osieko samaki?"

Nikamwambia tatizo lake ni imani haba.

Jumapili nikasimama kanisani kwa ushuhuda. Nilisema Mungu amenifungulia mlango Uganda, kwamba mimi mwanamke wa darasa la nane ninatazamwa na taifa lingine, mpaka kuna mtu huko hata usingizi hapati kwa sababu ya gomesi zangu. Kina mama wakapiga vigelegele. Na jioni ile ile bendera za ndege zikaongezeka, zikajaa mpaka chini ya ukurasa. Nikasema, ona, Bwana amethibitisha ushuhuda wangu siku hiyo hiyo.

Nabwire alinisubiri nje ya kanisa. Akanishika mkono. "Dada, hiyo kazi ya Uganda ikianza hutaiweza peke yako."

Hapo ndipo ningesema ngoja kwanza. Ningesema bado hakuna hata oda moja. Badala yake nilimwambia ni Mungu amemtuma.

Akaacha kazi. Mwisho wa mwezi aliaga pale karakana, na Jumatatu hii alifika kwangu na cherehani yake imefungwa nyuma ya boda kwa kamba za mpira. Alivaa vizuri kama mtu anayeenda harusini. Watoto wake wawili wanakula kwa hiyo cherehani, hawana kingine.

Jumanne nikaenda Angurai kumwona mama mkwe, ambaye miguu inamsumbua. Nikalala huko siku mbili. Hapa Malaba kila mtu ana laini mbili, ya Kenya na ya ng'ambo, na sisi tulio huku karibu na mpaka tunatumia ya Uganda kwa mtandao kwa sababu ndiyo inashika vizuri ndani ya nyumba na bando lake linakaa. Angurai haishiki. Kwa hivyo nikaweka ya Kenya, nikafungua tovuti yangu kama kawaida, kuitazama tu. Huwa naitazama sana, kama mtu aliye na mtoto mchanga.

Baadaye nikaenda kwa ule ukurasa wa bendera. Mgeni wa mwisho alikuwa Mkenya. Amepita hapo hapo nilipopita mimi.

Sikufikiri kitu. Nilifurahi hata, nikasema na Kenya wameanza.

Leo asubuhi nimerudi, nikaweka laini ya Uganda, nikafungua tovuti. Nikaenda kwa bendera. Ndege. Nikafunga, nikafungua tena. Ndege mwingine. Nikatoa laini, nikaweka ya Kenya, nikasimama dirishani ndiyo ishike, nikafungua. Kenya.

Nikakaa chini.

Simu zetu zinahesabiwa Uganda na sisi tumekaa Kenya. Hata mtoto wa shule hapa Malaba angeniambia. Na zile bendera za jioni ya ushuhuda ni kina mama wa ushirika, walienda nyumbani wakafungua waone kile nilichosema, kila mmoja na bando lake la ng'ambo. Nilisema Mungu amefungua mlango. Kumbe ni mimi nilikuwa naingia na kutoka.

Nabwire alikuwa kwa cherehani yake, anashona gomesi ya mfano ya kuwaonyesha hao Waganda wakija. Nilimwita jina. Hakuinua kichwa.

"Wale wageni wa Uganda," nikamwambia.

"Wameandika?"

"Ni sisi."

Akaendelea kukanyaga. "Sisi nani?"

"Mimi. Wewe. Wale wa ushirika. Ni hizi laini zetu, Nabwire. Tovuti inatuhesabu Waganda."

Cherehani ikanyamaza. Akachukua simu yake, akaitazama, akaiweka juu ya kitambaa. "Mimi nafungua kila asubuhi nikichemsha chai," akasema polepole. "Nione ile picha yangu."

"Najua."

"Na huyo uliyesema kanisani, ati kuna mtu Uganda hata usingizi hapati kwa sababu ya hizi gomesi?"

"Ni mimi. Nilikuwa sipati usingizi."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha pua. Nilitaka kucheka naye lakini uso wake ulikuwa umeshafunga. Akasema tu, "Mama Ekisa, mimi niliacha kazi." Hakusema kwa hasira. Heri angenipigia kelele, ningejua pa kushika. Alijifunika leso kichwani akatoka kwa mvua, akaenda karakana kumwomba boss amrudishe. Cherehani yake imebaki hapa inanitazama.

Nimeomba. Nilichoweza kusema ni Bwana, Bwana, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ambayo hajui kama kuna watu. Nimejiuliza kama ni dhambi kumpa Mungu sifa ya kitu ambacho hakufanya. Nafikiri ni dhambi. Miaka yangu yote kanisani sijaona mtu akisimama kurudisha ushuhuda. Watu wanautoa, halafu mambo yakiharibika wananyamaza, na sisi tunanyamaza nao kwa adabu. Jumapili nitasimama. Nitawaambia kina mama kwamba Waganda ni wao. Watacheka, na wacheke.

Lakini Jumapili ni mbali na Nabwire ni leo.

Nimefungua tovuti tena sasa hivi, kwa laini ya Kenya, niitazame kama mgeni kweli. Kitu kimoja nimekiona ambacho sikuwahi kukiona. Kila mahali nimeandika kuhusu mimi: jinsi nilivyoanza kushona, jinsi Mungu alivyonisaidia, jinsi cherehani yangu ilivyo. Yule binti wa Nairobi aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya mahari akiingia hapa, hakuna mahali nimemwambia ajipime vipi bega. Hakuna mahali nimemwambia itafika lini. Nilijenga mahali pa kujitazama. Halafu nikashangaa kwamba mgeni ni mimi.

Hilo linaweza kurekebishwa. Najua linaweza. Lakini linarekebishwa kwa wiki nyingi, na watoto wa Nabwire hawali wiki.

Ujumbe wake umeingia nikiwa naandika. Boss ameshachukua mtu mwingine, msichana kutoka Namboboto, ameanza kazi tangu Jumatatu. Nabwire ameandika hivyo tu, bila lawama. Halafu ukaingia wa pili: "Kesho nafika mapema. Tafuta kitu tushone."

Tushone. Ameandika tushone.

Nimesoma hilo neno mpaka macho yakajaa. Nimeinuka, nimefungua kabati. Kitambaa kipo, cha zambarau na cha kijani, uzi upo, vifungo vipo kwenye mkebe. Mwenye kuvaa ndiye hayupo.

Bwana, huyu mwanamke anakuja asubuhi kwa sababu ya mdomo wangu. Nimpe nini ashone?