Usingoje Damu Irudi

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Luberizi tuko wazima. Babu yako anauliza kama mtoto ameota jino. Tangu uniulize kama kunyonyesha tu kunazuia mimba, situlii: nakaa, nasimama.

Nilipokuwa nikimnyonyesha baba yako, mkunga wa maternite, pale wanapozalia akina mama, aliniambia, "Mama, chagua njia ya kupanga uzazi." Nikamjibu, "Ya nini? Damu yangu haijarudi." Nikaendelea kuingoja. Siku moja napalilia mpunga, baba yako yuko mgongoni, baba yako mdogo akanipiga teke tumboni.

Leo watu wanadhani hao wawili ni mapacha, wanacheka. Minye mama yao sichekagi.

Mtoto wako ametimiza miezi saba; ikipita sita, kunyonyesha tu hakutoshi kuzuia mimba, hata damu isiporudi. Usinijibu kwanza. Mbebe, uende maternite.

Bibi yako