Ugonjwa Niliojitibu Peke Yangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama na mguu umeacha kukusumbua. Wewe na shemeji pokeeni salamu zangu. Mimi mwili ni mzima. Karakanani kuna mageti mawili ya kuchomelea, ila mikono haishiki kazi.

Jumanne wifi yako alianguka kwenye cherehani akishona sare za shule. Wenzake walidhani ni njaa. Walipomfikisha hospitali alikuwa wa baridi, tumbo limejaa damu. Kumbe alikuwa na mimba, dada, ile tuliyoingoja miaka sita, lakini ilitunga ndani ya mrija wa uzazi badala ya tumbo la uzazi, na mrija ukapasuka. Walimpasua wakaukata, na mimba ndiyo ikaishia hapo.

Daktari aliniita pembeni. Alisema mrija uliobaki nao umeziba kwa makovu, na kwamba makovu ya namna ile mara nyingi huachwa na kisonono cha zamani kisichotibiwa. Akaniuliza kama nimewahi kuugua. Nikasema sijawahi. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayedai geti limejivunja lenyewe.

Wewe uliyenilea siwezi kukudanganya. Mwaka wa kwanza wa ndoa, nilipokwenda kule mbali kujenga maghala, nilikuwa na mwanamke mwingine. Wiki moja baada ya kurudi, mkojo ukawa kama pilipili, na usaha ukinitoka. Nilinunua vidonge duka la dawa, nikavimeza kwa kificho bafuni, nikapona. Mke wangu hakulalamika maumivu hata siku moja, nikajipa moyo kwamba yeye kimempita. Daktari anasema wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, nacho kinapanda taratibu mpaka kwenye mirija. Laiti ningemwambia wakati ule, tungetibiwa wote wawili.

Nilinyamaza ulipomwita mgumba mbele ya wageni. Nilinyamaza ulipoanza kunitafutia mke wa pili. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, asiyezaa akawa yeye.

Jana nilimweleza yote pale wodini. Hakulia. Aligeukia ukutani, akasema, “Miaka sita nimekuwa nikimwomba dada yako msamaha.” Leo aliporuhusiwa kutoka, mama yake alikuja kumchukua. Nilibeba mfuko wa nguo mpaka kwenye gari, nikarudi peke yangu.

Yule binti uliyeniposea, waambie wazazi wake waniache. Na barua hii usinijibu mimi kwanza, dada. Mwandikie wifi yako.

Wapwa zangu wape mkono wa mjomba wao. Usiwafiche yaliyotokea, wamekua vya kutosha kuyajua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mageti